Uzi maalumu: Beit al-Ajaib, jumba la tumbawe na chuma

#1 MtuWaShangani (mleta uzi)

Assalaam aleikum wakuu, na heri kwenu nyote.

Uzi huu nilitaka kuuandika tangu ile Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, siku upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani ufukweni Mji Mkongwe, Unguja, ulipoporomoka pamoja na mnara wa saa. Jumba lilikuwa katika matengenezo, na mafundi wawili waliokuwa kazini walifariki. Mungu awarehemu. Siku zile sikuweza kuandika. Mimi nimekulia Shangani, na tangu nijitambue, nikirudi kwa boti kutoka Dar kitu cha kwanza kutafuta kwa macho kilikuwa ule mnara, kisha roshani nyeupe zilizozunguka jumba, ndipo nahesabu kwamba nimefika kwetu.

Kila jumba hili linapotajwa nasikia maneno yaleyale: la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Ndivyo inavyosimuliwa, na hapana shaka watu wa zama zile walistaajabu, ndiyo maana likaitwa Nyumba ya Maajabu. Lakini taa ilikuwa ajabu ya kizazi kimoja, na watoto wa waliostaajabu wakazaliwa wameikuta. Mimi naona ajabu yenyewe ni upana wa kumbi zake.

Nieleze. Ingia nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe, au Lamu, au Mji wa Kale Mombasa. Chumba ni kirefu na chembamba. Kinaweza kuwa na urefu wa hatua 15, lakini upana wake hauzidi mita tatu, mara nyingi hazifiki. Wageni hudhani ni mtindo tu. La, ni boriti. Dari zetu zimebebwa na boriti za mkoko, na mkoko ulionyooka, mgumu wa kubeba sakafu ya mawe, haupatikani kwa urefu unaoutaka wewe. Kwa hiyo kwa mamia ya miaka chumba cha Mswahili kimepimwa na mti. Tajiri aliongeza idadi ya vyumba, akaongeza ghorofa, akaongeza zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi za plasta, lakini upana haukuwa mikononi mwake.

Mwaka 1883 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, akasimamisha jumba ambalo halikukubali kipimo hicho. Kuta ni zetu, tumbawe na chokaa. Boriti zimo. Ila ndani yake mmeingizwa mihimili ya chuma na vibamba vya zege, na nje limezungushiwa roshani pana za ghorofa baada ya ghorofa, zilizobebwa na nguzo za chuma cha kusubu zilizoletwa kwa meli. Ghafla mtu wa Unguja anasimama katika ukumbi mpana, dari iko juu mno, na katikati ya jumba kuna uwanja mkubwa wa ndani ulioezekwa. Kitu hicho hakikuwahi kuonekana katika pwani hii.

Nataka tuzungumze hapo: jumba lilivyojengwa, serikali zilizokaa ndani yake, na kwa nini lilianza kuanguka. Wenye kujua zaidi karibuni, na nikikosea nisahihisheni.

#2 MdauKariakoo

Mkuu ahsante kwa uzi. Mimi wa Dar, nimepiga picha pale mara nyingi bila kujua haya ya boriti. Swali: huyo Barghash wazo la jumba la namna ile alilitoa wapi? Maana Sultani mwenyewe tayari alikuwa na majumba.

#3 MtuWaShangani

Swali zuri ndugu. Majumba alikuwa nayo. Beit al-Sahel, lile la ufukweni, lilikuwapo tangu enzi za baba yake, Sayyid Said. Jirani yake Beit al-Hukm. Yeye mwenyewe alijenga Marhubi na Chukwani nje ya mji. Kwa hiyo hakujenga Beit al-Ajaib kwa kukosa pa kulala. Alilijenga liwe jumba la sherehe na la kupokelea wageni wa dola, mahali ambapo balozi wa Ulaya akipanda ngazi ajue kwamba yuko mbele ya serikali.

Sasa tazameni maisha yake. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa kama miaka miwili. Bombay ya wakati ule ilikuwa inabadilika haraka: mawe, chuma, roshani pana za kukinga jua na mvua. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akarithi kiti. Mwaka 1872 kimbunga kikaja kikavunja merikebu zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 akatia saini, chini ya shinikizo la Waingereza, mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 akaenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akapita na nchi nyingine za Ulaya. Aliporudi alikuwa ameona viwanda, vituo vya reli, kumbi za chuma na vioo.

Mtu aliyeyaona hayo, halafu akaleta maji ya mfereji mjini kutoka chemchemi ya Chemchem, hakujenga kwa majivuno peke yake. Naamini alikuwa anaharakisha. Alijua nchi yake inatazamwa. Na kweli, jumba lilikuwa na miaka mitatu tu pale Waingereza na Wajerumani walipokaa mwaka 1886 wakagawana bara yake, wakamwachia visiwa na ukanda wa maili 10 wa pwani. Mwaka 1888 akafariki. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Nikilitazama jumba lile huwaza hivyo: limejengwa na mtawala anayeona jua linakuchwa.

#4 BintiVuga

Kaka yangu umenikumbusha mbali. Mimi nililijua jumba likiwa makumbusho. Tulipelekwa na mwalimu tukiwa darasa la sita. Nakumbuka ukiingia kutoka juani unapigwa na ubaridi wa mle ndani, kisha macho yanazoea kiza, ndipo unauona mtepe.

Kwa wasioujua: mtepe ni chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba ya nazi, hakina msumari hata mmoja. Ule uliundwa upya mwaka 2003, palepale ndani ya uwanja wa jumba, na mafundi wa vyombo, maana vyombo halisi vya aina hiyo vilikuwa vimekwisha kupotea baharini. Sisi watoto tulitaka kuugusa tu. Mwalimu wetu alisimama mbele yake akanyamaza kwa muda, sijui alikuwa anafikiri nini, halafu akatuambia tuhesabu mishono. Hatukumaliza.

Milango nayo. Ile mikubwa ya ndani imechongwa aya za Qur'ani, na maandishi yalikuwa yametiwa rangi ya dhahabu. Wazee husema mlango wa mbele ulifanywa mpana vile ili Sultani apite amepanda tembo. Mimi hiyo naichukua kama hadithi ya wazee, lakini ukisimama chini yake unaelewa kwa nini mtu aliitunga.

#5 FundiChokaa

Hamjambo. Mimi kazi yangu ni ukarabati wa nyumba za mawe, nimeirithi kwa baba. Mleta uzi amesema vizuri juu ya boriti, niongeze ya fundi.

Kwanza jiwe. Kwetu tumbawe ni la namna mbili. Kuna la nchi kavu, gumu, lenye mashimo, linachimbwa ardhini. Hilo ndilo linalojaza kuta. Halina umbo, fundi analipanga kama mtu anayepanga maneno, kubwa hapa, dogo pale, katikati chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Na kuna tumbawe la baharini, ambalo likiwa bichi ni laini, unalichonga kwa shoka dogo, likikauka linashika umbo. Hilo ni la zidaka, fremu za milango na mapambo.

Ukuta wa namna hii ni mnene, sentimita 50, 60, na unapumua. Mvua inapiga, ukuta unakunywa kidogo, jua linatoka, ukuta unatoa. Chokaa inaruhusu hivyo. Nyumba ikicheza kidogo, chokaa inacheza nayo, haipasuki kama saruji. Tena ukisoma nyumba zetu zote, kinga yake ya kwanza ni juu: paa zima, mifereji safi, plasta isiyo na ufa. Maji yakipata njia ya kuingia juu na kukaa, basi. Ule udongo ulioko katikati ya mawe unayeyuka, chokaa inakosa nguvu, ukuta unavimba tumbo. Fundi akiona ukuta una tumbo anajua tayari ndani kumemomonyoka.

Sasa Beit al-Ajaib wamechanganya hiyo na chuma. Chuma kina tabia yake. Kikiwa kikavu ni mwaminifu kuliko boriti. Kikipata unyevu, na hewa yetu ina chumvi mchana na usiku, kinakula kutu, na kutu inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Mhimili ulioingizwa ndani ya ukuta wa tumbawe ukivimba unausukuma ukuta kutoka ndani. Tumbawe haliwezi kuupinga. Litapasuka, maji yataingia zaidi, kutu itaongezeka. Hilo ni duara, na halijikati lenyewe.

Kwa hiyo nikiambiwa jumba ni la ajabu nakubali, lakini nasema ni jumba lililohitaji kuangaliwa mara mbili ya nyumba nyingine. Zile roshani zenyewe ndizo mwavuli wake. Zinauzunguka ukuta wote usipigwe na jua wala mvua ya kusi moja kwa moja. Roshani ikiachwa ioze, ukuta unabaki uchi.

#6 KijanaWaMbeya

Shukrani fundi, hii ni elimu. Lakini mimi shuleni nilisoma kwamba jumba hili lilibomolewa na manowari za Waingereza katika vita vifupi kuliko vyote duniani. Sasa kama lilibomolewa, hilo lililoanguka 2020 ni lipi?

#7 MtuWaShangani

Ndugu yangu hapo watu wengi wanachanganya, na inafaa tukae kidogo.

Yalikuwa majengo matatu yaliyopangana ufukweni: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm, Beit al-Ajaib. Yaliunganishwa kwa vivuko vilivyoezekwa, vilivyopita juu, ili watu wa nyumbani mwa Sultani, hasa wanawake, wapite kutoka jumba hadi jumba bila kushuka njiani. Mbele yake kulikuwa na mnara wa taa wa kuongozea vyombo, umesimama peke yake.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Khalid bin Barghash, mtoto wa yule aliyejenga, akaingia kwenye kasri akajitangaza. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kutoka. Hakutoka. Dakika mbili baada ya saa tatu manowari za Admirali Rawson zikaanza kupiga, na kabla ya saa nne kasoro robo kila kitu kilikuwa kimekwisha. Merikebu ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizama bandarini, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Vitabu hupenda kutaja dakika 38, au 40, kana kwamba ufupi wake ndio habari. Watu 500 katika muda wa chai ya asubuhi, katika mji mdogo kama ule. Mimi siwezi kuisimulia kama jambo la kufurahisha.

Sasa majengo. Beit al-Hukm liliharibika kabisa, halikujengwa tena. Beit al-Sahel liliharibika vibaya, lililopo leo ni lililojengwa upya baadaye. Mnara wa taa ulipigwa, ukaondolewa. Beit al-Ajaib likapata madhara madogo. Mwaka 1897, katika kulitengeneza, ndipo mnara wa saa ulipounganishwa na upande wa mbele wa jumba. Kwa hiyo ule mnara niliokuwa nautafuta kwa macho toka kwenye boti, ule ulioanguka 2020, si wa Barghash. Ulizaliwa na vita. Pale lilipokuwa Beit al-Hukm pamebaki nafasi tu, watu wanapita bila kujua.

#8 MwanaMvita

Nami niko Mombasa, niongeze dogo. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, nao wakamvusha kwa meli hadi Dar es Salaam. Akakaa huko mpaka Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoishika Afrika Mashariki ya Kijerumani wakamkamata, wakamhamisha mbali. Mwishowe aliruhusiwa kurudi pwani, akafariki hapa kwetu Mombasa mwaka 1927. Zanzibar hakurudi kuitawala hata siku moja nyingine. Baba alijenga, mtoto alikaa mle siku mbili tatu.

Pia hapa kwetu nyumba za Mji wa Kale zina roshani za mbao, nyembamba, za kukaa na kutazama njia. Zile za Beit al-Ajaib ni jambo jingine, unaweza kutandika busati la harusi nzima.

#9 Mzalendo_Tanga

Wakuu, samahani kwa kuharibu mazungumzo matamu, lakini nitasema linalonikaa moyoni. Mnasifu nguzo na milango. Fedha ilitoka wapi? Karafuu zililimwa na nani? Pembe za ndovu zilibebwa na nani kutoka Tanganyika na Kongo hadi pwani? Babu zangu wa upande wa mama walikuwa watu wa njia ile ya misafara. Nikiona tunalilia jumba la Sultani najiuliza kama tunawalilia na wao.

#10 MtuWaShangani

Hujaharibu kitu ndugu yangu, umetia kilichokosekana, na ilikuwa juu yangu kukitia mwanzoni.

Ni kweli. Hazina ya Sultani ilikuwa ushuru wa forodha, na forodha ilikula katika pembe, karafuu na, mpaka 1873 kwa njia ya wazi, watu. Mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa baada ya soko kufungwa. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa mwaka 1897 chini ya Sultani Hamoud, yaani mwaka uleule mnara wa saa ulipoinuliwa. Jumba lenyewe lilisimama miaka 14 katika nchi yenye watumwa.

Hata mawe yake. Nani alichimba tumbawe, nani alibeba chokaa kichwani, nani alitwanga sakafu? Majina hayakuandikwa. Kazi ya kutwanga sakafu ya chokaa ilifanywa kwa siku nyingi na kundi la watu, kwa mipini na kwa nyimbo. Mikono ile ndiyo iliyolijenga, Barghash aliagiza. Mimi ndiyo sababu mojawapo nataka lisimame. Likiondoka, kazi yao pia imeondoka, na wao hawakuachiwa kumbukumbu nyingine.

Sisemi hili linamaliza hoja yako. Makumbusho yoyote yatakayorudi mle yakikaa kimya juu ya hili, nitasimama nawe kulalamika.

#11 Mzalendo_Tanga

Nimekuelewa. Ahsante kwa kujibu bila hasira.

#12 BintiVuga

Nataka niwarudishe kwenye serikali, maana kichwa cha watu kikisikia Beit al-Ajaib kinakimbilia Sultani na makumbusho, wanasahau kwamba kwa zaidi ya nusu karne lile lilikuwa jengo la makarani.

Kuanzia 1911 jumba likawa makao ya Sekretarieti ya serikali ya Kiingereza. Masultani walikwisha kuhamia kwingine. Babu yangu mzaa baba alikuwa karani mle katika miaka ya 1950. Kwa hiyo nyumbani kwetu halikuitwa jumba la maajabu, liliitwa "ofisini". Bibi akisema "babu yako yuko ofisini" alikuwa na maana ya mle. Babu alitusimulia kwamba kazi ilikuwa joto la faili na wino, lakini saa za mchana waliruhusiwa kufungua milango ya roshani upande wa bahari, na upepo wa kaskazi ukiingia ulibeba karatasi zisizowekewa jiwe. Kila meza ilikuwa na kipande cha tumbawe cha kukandamizia karatasi. Kimoja alirudi nacho nyumbani alipostaafu. Kipo mpaka leo juu ya kabati la mama.

Babu aliona bendera mbili zikipandishwa, ya uhuru wa Desemba 1963 na ya Mapinduzi ya Januari 1964. Baada ya hapo jumba likaingia katika kazi za chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) na mafunzo yake, na mwishowe ndipo likawa makumbusho ya historia na utamaduni, yale tuliyopelekwa sisi. Mnaona? Jumba moja: Sultani, Mwingereza, chama, watoto wa shule. Kila aliyeshika nchi alitaka kukaa mle.

#13 MtuWaShangani

Dada, hicho kipande cha tumbawe kitunzeni.

Umenikumbusha na mizinga miwili ya shaba ya Wareno iliyokuwa mbele ya mlango, ya karne ya 16. Ni mizinga ya wenye nguvu wa zamani zaidi, iliyowekwa kama pambo na wenye nguvu waliofuata. Na jirani yake ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Ukisimama Forodhani ukageuza uso mara moja umeona kama miaka 300 ya watu waliotawala bahari hii.

#14 MdauKariakoo

Wakuu mimi nina swali la mtu wa kawaida, msinichukie. Kwa nini lisijengwe upya kwa zege na nondo, likapakwa rangi nyeupe, likafanana? Litakuwa imara, watalii watapiga picha. Ni nani atakayejua kilichomo ndani ya ukuta?

#15 FundiChokaa

Hukukosea kuuliza, hata wenye nyumba zao wananiuliza hivyo kila mwezi. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye nyumba moja ya mawe, siitaji wala mtaa wake. Ukuta ulikuwa unatoa unga chini. Mkandarasi aliyetangulia aliubandika saruji nje na ndani, ukapendeza, akalipwa. Mvua mbili tu. Unyevu uliokuwa unapanda kutoka ardhini ulikosa pa kutokea, ukapanda juu zaidi ndani ya ukuta, ukabeba na chumvi. Chumvi ikifika mahali ikakauka inavimba, inasaga jiwe. Nilipoibandua ile saruji ilitoka kama ganda la yai, na nyuma yake tumbawe limekuwa unga, unaingiza kidole. Mama mwenye nyumba alilia. Tulilazimika kutoa sehemu ya ukuta na kupanga upya, na gharama ilikuwa mara nyingi ya ile ya kwanza. Saruji ni kitu kizuri mahali pake. Juu ya tumbawe na chokaa ni adui mwenye sura ya rafiki.

Sasa kuhusu Beit al-Ajaib. Sehemu kubwa ya jumba haikuanguka. Ukijenga upande wa mbele kwa zege zito na gumu, ukaushikamanisha na kuta za chokaa zinazocheza, umefunga ng'ombe na ndege kwenye kamba moja. Panapokutana ndipo patakapopasuka. Kwa hiyo hata mtu asiyejali historia, akijali fedha tu, inampasa aiheshimu chokaa.

Na historia nayo ipo. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kilichoandikishwa ni namna ya kujenga, pamoja na sura. Ukibakisha sura peke yake umebakisha picha.

Pale penye chuma, hapo kweli wahandisi wa sasa wana kazi. Chuma kilichooza kitolewe, kipya kikingwe na unyevu, na kiachiwe nafasi ndogo pale kinapoingia ukutani kisisukume jiwe. Sioni aibu kutumia maarifa ya leo. Barghash mwenyewe alitumia maarifa ya siku zake.

#16 MdauKariakoo

Nimefundishika fundi. Sitauliza tena nyumba ya mawe ipigwe saruji.

#17 MwanaMuscat

Nawasoma toka Muscat, nimezaliwa huku lakini nyumbani bado tunasema Kiswahili, bibi zangu wote wawili walizaliwa Unguja. Serikali ya Oman ndiyo iliyogharamia yale matengenezo yaliyokuwa yakiendelea 2020, kwa hiyo siku ile habari ilipofika hapa watu walipigiana simu usiku kucha. Kwetu ilikuwa kama msiba wa familia.

Nataka kumwambia FundiChokaa jambo litakalompendeza. Neno saruji mnalolitumia kwa simenti, huku bado linaishi kwa maana yake ya zamani. Sarooj ya Oman ni udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa, ndiyo iliyojenga ngome na mifereji ya aflaji, na inahimili maji miaka na miaka. Mafundi wake wamebaki wachache, na huku pia inabidi kuwatafuta vijijini. Neno letu ni moja, na tatizo letu ni moja.

#18 FundiChokaa

Subhanallah. Hilo sikulijua, na nimelitamka neno hilo maisha yangu yote. Ukija Unguja nitafute, uniletee hata kipande kidogo.

#19 KijanaWaMbeya

Mleta uzi, nini kilianza kuashiria kwamba jumba linakwenda kuanguka? Au ilikuwa ghafla tu?

#20 MtuWaShangani

Haikuwa ghafla ndugu. Mwaka 2012 sehemu ya roshani za upande wa nyuma iliporomoka, jumba likafungwa kwa wageni. Miaka mitatu baadaye sehemu ya paa nayo ikaanguka. Rudini kwenye maneno ya fundi pale #5: kinga ya kwanza ni juu, na roshani ndizo mwavuli. Jumba lilipoteza mwavuli, kisha kofia. Baada ya hapo mvua za masika ziliingia ndani mwaka baada ya mwaka.

Tulikuwa tukipita. Nami nilikuwa nikipita. Nilikuwa naona majani yameota juu ya ukuta, mti mdogo kabisa, na nikijua mizizi inafanya nini ndani ya chokaa. Nilimwambia nani? Niliwaambia wenzangu barazani. Wapo waliosema mahali panapostahili, kwa miaka mingi, na nawaheshimu, lakini mimi sikuwa mmoja wao. Uzi huu nimeuandika kwa sababu hiyo pia.

#21 MwanaMvita

Hapa Mombasa kuna nyumba tatu ninazozijua zina mti mdogo namna hiyo ukutani. Kesho nakwenda kuzungumza na wenyewe, mmoja ni shemeji yangu.

#22 KijanaWaMbeya

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa ujenzi, mwaka wa pili. Tumefundishwa zege, nondo na tofali. Chokaa tumeitaja kwenye somo moja tu. Nikija Unguja likizo naweza kuiona inavyotengenezwa?

#23 FundiChokaa

Njoo kijana wangu. Njoo na viatu vya kufunika miguu na miwani ya kukinga macho, chokaa mbichi ikipata maji inachemka na ikikurukia haina huruma. Siku ya kwanza utaizima tu na kuikoroga. Halafu tutaifunika ikae majini, na huko kukaa si kwa siku mbili, ni kwa wiki nyingi, na ikikaa zaidi ndiyo inakuwa laini kama siagi. Kwa hiyo ile utakayoipaka ukutani ni niliyoizima mimi kabla hujaja, na utakayoizima wewe ataipaka atakayekuja baada yako. Uniandikie kwenye ujumbe wa siri unakuja lini, nianze kukuandalia pipa.